Mtaro wenye shoringi uliobomoka wiki ya tatu: uchambuzi wa kisa

Kuhusu kisa hiki

Ajali nyingi za mitaro zinazosimuliwa hapa kwetu ni za mitaro isiyo na kizuizi chochote: watu wamechimba mita tatu, kuta zimesimama wima, udongo ukaja. Hii ni tofauti. Mtaro huu ulikuwa na shoringi, yaani mbao na nguzo za kuzuia kuta zisibomoke; ilibuniwa na mhandisi, ikafungwa na fundi anayejua kazi, na kwa wiki mbili ilikaa imara. Ilibomoka wiki ya tatu, ikamfukia kibarua mmoja hadi kiunoni. Nilikuwa mmoja wa wahandisi walioitwa kupitia tukio. Jina la mji, kampuni na wahusika vimeondolewa, na vipimo vichache visivyobadilisha maana vimezungushwa kidogo.

Ninakiandika kwa ajili ya mafomeni, mafundi na wahandisi vijana wanaodhani kazi ya shoringi inakwisha siku mrunda wa mwisho, ile nguzo inayokingamishwa kati ya kuta mbili, unapokazwa.

Mahali na kazi

Kazi ilikuwa kulaza bomba la majitaka la plastiki, kipenyo milimita 315, katika mtaa wa makazi wa mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Sehemu inayotuhusu ni mita 60 kati ya chemba mbili. Kina kilikuwa mita 3.4 na upana mita 1.3. Barabara ya mtaa ilikuwa na upana wa mita 7 hivi, nyumba na magenge pande zote mbili, na mabomba ya maji ya wakazi yalikatiza mtaro kila baada ya hatua chache.

Mashimo ya majaribio yalionyesha tabaka tatu. Juu, sentimita 70 za kifusi cha zamani cha barabara. Kisha mchanga mwekundu wenye mfinyanzi kidogo hadi mita 2.2. Chini yake mchanga laini wa kijivu, na maji yakionekana kwenye mita 2.6.

Huo mchanga mwekundu unastahili maneno machache, maana umetapakaa sehemu nyingi za pwani na umedanganya watu wengi. Ukikatwa ukiwa na unyevu wa kiasi husimama wima, safi kama ukuta. Kinachoushika ni mfinyanzi mchache na unyevu uliomo kati ya chembe. Ukikauka kabisa unameguka. Ukilowa kabisa unateleza. Ule wa kijivu chini yake haujishiki hata kidogo: maji yakitembea, nao unatembea. Ukuta wa juu unaosimama juu ya msingi unaotiririka ni mahali pabaya sana pa kumweka mtu.

Kwa nini mbao, na zilifungwaje

Wazo la kwanza la mkandarasi lilikuwa kulaza kuta kwa mteremko ili asihitaji shoringi. Hesabu ilikataa. Kwa mchanga wa namna hii mteremko unaokubalika ni mita moja na nusu kwenda pembeni kwa kila mita moja ya kina. Kwa mita 3.4 maana yake ni mita 5.1 kila upande, na ukijumlisha upana wa chini mdomo wa mtaro unafika mita 11.5. Barabara yote ilikuwa mita 7.

Sanduku la chuma la kukinga mtaro lilifikiriwa pia. Ni zuri sana mahali penye nafasi, lakini haliwezi kuburutwa pale ambapo bomba la maji linakatiza kila baada ya mita chache. Kwa hiyo uamuzi wa kutumia mbao ulikuwa sahihi, na nasisitiza hivyo kwa sababu baada ya ajali wengi walikimbilia kulaumu mbao.

Zilifungwa hivi. Mbao za inchi mbili kwa nane zilisimamishwa bega kwa bega pande zote mbili, zikagongwa kushuka kadiri uchimbaji ulivyoendelea, bila mtu kuruhusiwa kusimama chini ya ukuta usio na mbao. Zilizama sentimita 30 chini ya sakafu ya mtaro. Boriti za kulala za inchi sita kwa nane zilipita juu ya mbao hizo kwa mistari miwili, mmoja mita 0.8 kutoka juu na mwingine mita 2.5. Kati ya boriti na boriti, kutoka ukuta hadi ukuta, ilikingamishwa mirunda ya mkaratusi yenye unene wa sentimita 12, kila baada ya mita 1.5, ikakazwa kwa kabari. Chini ya kila ncha ya mrunda palipigiliwa kibao cha kuushikilia ili usianguke kabari ikilegea.

Mchoro ulisema mambo matatu mengine. Udongo uliochimbwa ukae angalau mita moja kutoka ukingoni. Mabomba yateremshwe upande wa chemba tu, ambako palikuwa na uwazi mrefu, kisha yasukumwe ndani ya mtaro chini ya mirunda. Na hakuna mrunda wa kutolewa kabla ya mwingine kuwekwa jirani yake.

Wiki mbili za mwanzo

Fundi seremala na msaidizi wake walipita mtaroni kila asubuhi kabla ya watu kushuka, nyundo mkononi. Mkaratusi ulikuwa mbichi. Mti mbichi ukikauka hupungua, na kwa jua la pwani kabari iliyokazwa Jumatatu huweza kuchezacheza Alhamisi. Walizigonga zote, moja baada ya moja. Walizoea kugonga na mbao za ukutani pia, wakisikiliza sauti: ubao uliogusana na udongo hutoa sauti nzito, ulioachana nao hulia wazi. Palipolia wazi walijaza mchanga na nyasi nyuma yake.

Hakuna aliyewaagiza kugonga mbao. Fundi alijifunza kwa mzee aliyemlea kazini kwenye visima. Hii ndiyo sehemu ya kisa inayonigusa zaidi, kwamba matunzo bora kabisa ya shoringi hii yalikuwa kwenye mikono ya mtu mmoja na hayakuandikwa popote.

Mwanzoni mwa wiki ya tatu alihamishwa kwenda kufunga mbao za kumwagia zege la chemba. Sababu ilikuwa ya kawaida, kazi ya chemba ilichelewa na yeye ndiye aliyekuwa hodari. Nafasi yake mtaroni haikupewa mtu.

Fomu ya ukaguzi ya kila siku iliendelea kujazwa. Ilikuwa na mstari mmoja kuhusu shoringi: «Ipo / Haipo». Ilikuwepo, kwa hiyo ilipigwa alama ya vema kila siku, hadi asubuhi ya ajali yenyewe.

Ijumaa hadi Jumatatu

Wiki hiyohiyo tipa la kusomba udongo liliharibika. Kijiko, ule mtambo wa kuchimba, kiliendelea kuchimba na kumwaga ukingoni, na kufikia Ijumaa palikuwa na tuta lenye kimo cha mita moja na nusu, refu kama mita 20, miguu yake ikiwa sentimita 40 tu kutoka kwenye mbao. Msimamizi wa mhandisi mshauri wa mradi aliliona na kuandika barua. Jibu lilikuwa kwamba tipa lingepatikana Jumatatu.

Ijumaa alasiri mvua ya vuli ilinyesha kwa nguvu na kazi ikasimamishwa. Mlinzi aliachiwa mafuta ya pampu ya kutosha usiku mmoja. Jumamosi mchana pampu ilizimika, na Jumapili maji yalikuwa yamepanda hadi kufunika mstari wa chini wa mirunda.

Jumatatu saa moja asubuhi ziliwashwa pampu mbili kwa pamoja ili kufidia muda. Kabla ya saa nne mtaro ulikuwa umekauka. Maji yaliyotoka yalikuwa ya kijivu, na mfereji wa barabara uliopokea maji hayo ulijaa mchanga laini wa kijivu. Watu waliona na wakauzoa kwa koleo ili mfereji usizibe.

Mama mmoja mwenye genge la mboga ng'ambo ya tuta la udongo alimwambia kibarua aliyekuwa akipita, «Mwanangu, hapa kwangu chini pamepasuka.» Ufa ulikuwa sambamba na mtaro, zaidi ya mita moja kutoka ukingoni. Kibarua alimwambia mwenzake. Haukufika kwa fomeni.

Saa tano hivi timu ya kulaza mabomba ilikuwa tayari, ikiwa nyuma ya ratiba. Bomba moja lina urefu wa mita 6. Upande wa chemba, mahali pa kuteremshia, palikuwa pamezibwa na mbao za zege alizokuwa akifunga yule seremala. Kiongozi wa timu aliangalia nafasi za mita 1.5 kati ya mirunda, akaona bomba la mita 6 halipiti bila kukwama, akaamua kutoa mrunda mmoja wa juu na ule ulio chini yake ili apate uwazi wa mita 3. Mpango wake ulikuwa kuteremsha mabomba matatu kisha kuirudisha.

Mirunda yote miwili ilitoka kwa kugongwa mara chache tu. Yeye mwenyewe alitueleza baadaye, «Nilipoona umetoka kirahisi, nikajua haukuwa umebeba kitu.»

Bomba la kwanza liliteremka. La pili lilipokuwa likielekezwa mahali pake, watu watatu wakiwa chini, boriti ya chini ilipasuka katikati ya ule uwazi. Mbao zikasukumwa ndani kwa chini, mchanga ukamwagika chini yake, na ule mwekundu wa juu ukafuata kwa kipande. Walioshuhudia wanasema haikuchukua hata muda wa kugeuka. Ulishuka udongo kama mita za ujazo nne, zaidi ya tani saba. Wawili walifikia ngazi iliyokuwa karibu nao na kupanda. Wa tatu alibanwa hadi kiunoni.

Uokoaji

Yaliyofanyika ndani ya saa iliyofuata yalimwokoa mtu yule, na yanafaa kusomwa taratibu.

Wenzake wanne walikuwa tayari kuruka. Fomeni mkuu alipuliza filimbi na kusimama mbele yao, akikataza mtu yeyote kushuka. Palikuwa na ukuta mpya wa mchanga uliolowa, hauna mbao, na tuta la udongo bado liko juu yake. Katika mitaro mingi iliyoua watu wawili au watatu, wa pili na wa tatu walikuwa waokoaji.

Aliagiza kijiko kizimwe palepale kilipo. Mwendeshaji alikuwa ameanza kukiinua, akiwa na nia njema ya kufukua. Ndoo ya kijiko haioni mwili wa mtu ndani ya mchanga, na uzito wa mtambo ukingoni ungeleta awamu ya pili. Aliwarudisha watazamaji nyuma, akawapanga vibarua kushusha tuta kwa koleo kuelekea upande wa barabara. Pampu moja aliiacha iendelee, kwa kuwa kuizima kungeleta maji kifuani mwa mtu aliyebanwa.

Seremala aliitwa kutoka chemba. Akiingilia upande ambao mirunda ilikuwa bado imekaza, alisogea kidogo kidogo kuelekea kwenye uwazi, akisimamisha mbao za akiba na kukingamisha mirunda mipya mbele yake. Ukuta uliporudi kushikwa ndipo watu wawili walipofika kwa aliyebanwa, wakafukua kwa mikono, bakuli na ndoo ndogo. Mtu mmoja alileta kamba ili avutwe. Fomeni alikataa. Mchanga uliolowa hushika miguu kwa nguvu kiasi kwamba kumvuta mtu ni kumng'oa viungo.

Muuguzi wa zahanati ya jirani alishuka kwa ngazi na kumwekea dripu kabla miguu haijawa huru. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu hukusanya sumu, na siku ubanaji unapoondolewa ghafla sumu hiyo huingia kwenye damu na kushambulia moyo na figo. Alitolewa baada ya saa moja na kidogo, akiwa na fahamu.

Matokeo

Alivunjika mguu mmoja, akalazwa, na baada ya miezi kadhaa akarudi kwenye kazi nyepesi ghalani. Taarifa ilipelekwa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavyotaka, na dai lake la fidia likapelekwa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtaro ulifungwa hadi mapitio yalipokwisha.

Uchambuzi: mrunda unaotoka kirahisi

Kauli ya kiongozi wa timu ndiyo kiini cha kisa. Hakuwa mzembe. Alikuwa na kazi inayolipwa kwa mita, njia yake iliyopangwa ilikuwa imezibwa na kazi nyingine ya mkandarasi huyohuyo, na alichokiona kwa macho kilimwambia mrunda hauna kazi. Tumjibu kwa hesabu.

Kwa mchanga wa aina hii, uzito wa tani 1.8 kwa mita ya ujazo na kina cha mita 3.4, msukumo unaotumika kubuni mirunda ni kama kilo 1,250 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Kila mrunda ulihudumia mita 1.5 kwa urefu na mita 1.7 kwa kimo. Hiyo ni tani 3 na ushei kwa mrunda mmoja, na mchoro ulilizingatia hilo kwa akiba ya kutosha.

Ongeza tuta la udongo la mita moja na nusu. Udongo uliorundikwa ukingoni haukai juu tu, sehemu ya uzito wake hugeuka kuwa msukumo wa pembeni, hapa kama kilo 760 zaidi kwa mita ya mraba. Mrunda sasa unabeba tani 5. Toa mrunda mmoja: majirani zake wawili wanagawana mzigo wake, kila mmoja anafika karibu tani 7.7. Na hapo maji hatujayahesabu.

Mirunda ilistahimili hata hivyo. Kilichoshindwa ni boriti. Boriti iliyokuwa ikivuka mita 1.5 ililazimika kuvuka mita 3, na nguvu ya kuikunja haiongezeki mara mbili kama urefu. Inaongezeka mara nne. Ukiweka na lile tuta, boriti ilikunjwa zaidi ya mara sita ya ilivyobuniwa. Natamani kila kiongozi wa timu ya mabomba alijue hili moja, hata kama hataki hesabu nyingine yoyote: kutoa mrunda mmoja kunazidisha mara nne kazi ya boriti iliyoachwa.

Kwa nini basi ulitoka kirahisi? Kwa sababu ulikuwa umelegea, na ulikuwa umelegea kwa sababu mbili. Mti ulikuwa umekauka na kabari hazikugongwa tangu seremala aondoke. Na nyuma ya mbao mchanga ulikuwa umekwisha kuondoka, ukuta ukiwa umejishika wenyewe kwa muda kwa kujikunja kama tao juu ya pengo. Mrunda uliolegea katika mchanga ni ishara kwamba udongo nyuma yake umehama. Ndiyo dalili mbaya kuliko zote mtaroni, na yeye aliisoma kama ruhusa.

Maji, na mchanga uliozolewa kwa koleo

Pampu ilipozima Jumamosi, maji yalijaa mtaroni na kwenye udongo wa nyuma kwa kiwango kilekile. Hali hiyo yenyewe haikuwa hatari sana, kwani maji ya ndani yalisukumana na ya nje. Hatari ilianza Jumatatu. Pampu mbili zilitoa maji ya mtaroni kwa muda usiozidi saa tatu, lakini maji yaliyomo ndani ya mchanga nyuma ya mbao hutoka polepole. Kwa saa kadhaa upande mmoja wa ubao ulikuwa na maji na mwingine hauna kitu, na maji hayo yalikuwa yakitafuta njia kupitia nyufa kati ya mbao, yakibeba mchanga wa kijivu.

Mchanga ule kwenye mfereji ulikuwa ni ukuta wa mtaro ukitoka nje kwa ndoo. Kila koleo lililozolewa barabarani lilikuwa pengo nyuma ya mbao. Maji ya pampu yakiwa safi, mtaro unakauka. Yakiwa na mchanga, mtaro unaliwa, na pampu inapaswa kupunguzwa au kuzimwa, watu watolewe, na mbao zigongwe kabla ya jambo lingine.

Kulikuwa na kosa la ubunifu hapa pia, na mshauri alilikubali. Pampu ilikaa ndani ya mtaro, ikivuta moja kwa moja kwenye mguu wa mbao. Shimo la kuvutia maji lilipaswa kuchimbwa mbele ya eneo la kazi, lizungushiwe kokoto ili mchanga ubaki.

Fomu na nyundo

Nilizisoma fomu zote za wiki tatu. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Shoringi ilikuwepo kila siku. Tatizo ni kwamba swali lilikuwa la siku ya kwanza, likaulizwa kwa siku zote. Baada ya siku ya kwanza maswali ni mengine: kabari zimekaza? Mbao zinatoa sauti gani? Vibao vya kushikilia mirunda vyote vipo? Kuna ufa wowote juu, hata mita mbili kutoka ukingoni? Udongo umekaribia kiasi gani? Maji ya pampu yana rangi gani? Na haya huulizwa kabla ya kila zamu, kisha tena baada ya mvua, baada ya pampu kuzima, na baada ya siku ambazo hakuna mtu aliyekuwepo. Jumatatu ile ilikuwa na yote matatu kwa wakati mmoja.

Ofisa usalama alipita asubuhi hiyo akatazama kutoka juu. Kutoka juu mtaro ulikuwa mzuri.

Kuhusu ufa wa gengeni, sitaki kumlaumu kibarua. Kibarua wa siku hana mtu wa kumwambia na hana uhakika kama atarudishwa kesho akisimamisha kazi. Kazi nzima ilikuwa na watu zaidi ya thelathini, na mtu pekee aliyeona dalili sahihi kwa wakati na kuisema alikuwa muuza mboga.

Kilichofaa

Mirunda iliyokuwa na vibao vya kushikilia ilibaki mahali pake hata kabari ziliporuka, na ndiyo sababu bomoko liliishia kwenye uwazi wa mita 3. Nafasi za jirani zilisimama. Kama fundi angeruka vibao hivyo kuokoa misumari, naamini mtaro ungefunguka mita kumi au zaidi.

Ngazi zilikuwa kila baada ya mita sita, zikipita juu ya ukingo. Wawili waliotoka walitoka kwa sababu hiyo.

Na fomeni alikuwa na akiba ya mbao, mirunda na kabari pembeni mwa mtaro. Siku za kawaida rundo lile lilionekana kama mbao zinazoibiwa bure.

Kazi ilipoendelea

Mabadiliko makubwa yalikuwa machache. Seremala alirudishwa mtaroni kama mwenye shoringi, jina lake likaandikwa ubaoni, akapewa filimbi na mamlaka ya kuwatoa watu bila kumuuliza mtu. Akienda popote, hata kunywa chai, aliyeachiwa filimbi ndiye mwenye shoringi. Mirunda ilipakwa rangi nyekundu, na mtu mwingine yeyote akaambiwa wazi kwamba hana ruhusa ya kugusa chenye rangi hiyo. Alitumia wiki moja kuwafundisha vijana wawili kusikiliza mbao.

Mstari wa chini wa mirunda ulibadilishwa kuwa jeki za chuma za kuzungusha, ambazo hazikauki na hukazwa kwa mkono. Mahali pa kuteremshia mabomba palipangwa upya: pembeni mwa chemba palijengwa nafasi ya mita 4 yenye boriti mbili zilizoungwa pamoja, ikabuniwa kwa uwazi huo tangu mwanzo. Hilo ndilo lilitatua shida ya timu ya mabomba. Kuwakataza tu, bila kuwapa pa kupitishia bomba la mita 6, kungerudisha nyundo kwenye mirunda siku ya kwanza ratiba itakapobana.

Kuondoa shoringi kulipewa utaratibu wake. Bomba lilifukiwa, udongo ukashindiliwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi chini kidogo ya mstari wa chini, ndipo jeki za chini zikalegezwa, kufukia kukaendelea, kisha mirunda ya juu. Mbao zilivutwa nusu nusu kadiri udongo ulivyopanda. Aliyelegeza hakusimama ndani ya nafasi anayoilegeza. Kwenye nafasi iliyobomoka na zile mbili za jirani mbao hazikuvutwa kabisa. Zilikatwa mita moja chini ya barabara na kufukiwa, kwa kuwa kuzivuta kungefungua tena yale mapengo karibu na msingi wa nyumba.

Likabaki suala la fedha, na hapa nina maoni. Katika mkataba huu gharama ya shoringi ilikuwa imemezwa ndani ya bei ya kuchimba mita moja ya ujazo. Mkandarasi aliyefunga vizuri na aliyefunga vibaya walilipwa sawa, na kila siku ya seremala kugonga kabari ilikuwa hasara kwenye vitabu vyake. Kumhamishia kwenye chemba, inayolipwa kwa mstari wake, kulikuwa uamuzi ambao bei zenyewe zilimshawishi kuufanya. Mshauri aliandaa zabuni iliyofuata kwa namna nyingine: kufunga shoringi kukapewa mstari wake kwa mita ya mraba ya ukuta, na kuitunza kukapewa mstari wa pili, unaolipwa kwa siku, dhidi ya fomu mpya iliyosainiwa na mwenye filimbi.